Tasnifu ya uzamili kuhusu kichocho mialoni: nikate wapi?

Mwuguzi wa Ziwani

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi kwa miaka minane, kwanza katika zahanati na baadaye katika kituo cha afya kandokando ya Ziwa Victoria, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Mwanza. Masomo ya darasani nimeyamaliza. Kilichobaki ni tasnifu. Andiko langu la utafiti limerudishwa kwa mara ya pili, na safari hii msimamizi ameandika pembeni maneno matatu tu: “Bado ni kubwa.” Sina ugomvi naye, kwa kuwa ni mtu anayesoma kila ukurasa anaopewa, bahati ambayo baadhi ya wenzangu hawajaipata. Tatizo ni kwamba sijui nikate wapi bila kukiua kile kilichonirudisha darasani.

Kilichonirudisha ni hiki. Wakati wa kampeni za kugawa dawa za kichocho na minyoo, timu zetu huenda shuleni, watoto husimamishwa kwenye ule ubao wa kupimia urefu wenye alama za vidonge, humeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, na taarifa hupelekwa wilayani. Baba zao na kaka zao walioko mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, ambao hushinda ndani ya maji kuanzia magotini hadi kiunoni, hawamo katika hesabu hiyo. Kwa muda mrefu niliona ndio utaratibu, hadi usiku tulipompokea mvuvi wa miaka thelathini na kidogo, tumbo limejaa maji na anatapika damu, tukamwandikia rufaa kabla hakujapambazuka. Ndugu zake walisema hakuwahi kumeza dawa ya kichocho tangu alipoacha shule. Baadaye darasani nikasoma kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza dawa hiyo itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo, katika jamii ambazo maambukizi yamefikia asilimia 10 au zaidi. Nikajiuliza ni nani amewahi kuhesabu mwaloni kwetu.

Nilipanga kwenda mialo minne, miwili upande wa Ilemela na miwili Ukerewe, na kuchukua wavuvi 384. Malengo mahususi ni manne: kiwango cha maambukizi ya kichocho cha tumbo, wingi wa mayai, uelewa wao kuhusu ugonjwa, na sababu zinazowafanya wasipate dawa. Sina mfadhili, ninajilipia kwa mshahara, na nina miezi mitatu tu ya kukusanya takwimu. Msimamizi anaona kwamba ningeweza kutumia vitabu vya MTUHA, yaani rejista za wagonjwa, vya vituo vilivyo jirani na mialo, nikaacha kabisa mambo ya maabara na safari za visiwani.

Ninaomba mnisaidie kwa uzoefu wenu. Je, nikate malengo, nikate watu, au nikubali vitabu? Hiyo 384 ninaiona katika karibu kila tasnifu iliyoko maktaba yetu. Je, kwangu inatosha? Na kwa waliowahi kufanya utafiti na wavuvi: mliwapataje?

Fundi Hadubini

Dada, pole kwa kurudishiwa kazi. Mimi nimekaa maabara miaka mingi, na nitasema juu ya upande ninaoujua tu.

Kipimo utakachotumia bila shaka ni Kato-Katz, cha kuhesabu mayai ya minyoo katika choo kwa hadubini, nacho ni rahisi kukiandika katika andiko kuliko kukifanya kwa uaminifu siku ya ishirini mfululizo. Kiolezo kinachukua miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo mayai unayoyahesabu kwenye slaidi unayazidisha kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu. Kwa *Schistosoma mansoni*, mnyoo wa kichocho cha tumbo, mayai 1 hadi 99 kwa gramu huitwa maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya wastani, na 400 au zaidi mazito. Ukitazama hesabu hiyo utaona udhaifu wake mara moja: yai moja tu kwenye slaidi ni sawa na mayai 24 kwa gramu, na mtu mwenye maambukizi mepesi anaweza kukupa slaidi isiyo na yai hata moja ilhali anaumwa. Zaidi ya hayo, utoaji wa mayai hubadilika siku hadi siku, ndiyo maana watafiti wenye uwezo huomba sampuli za siku mbili au tatu tofauti.

Sasa fanya hesabu ya mikono yako. Watu 384, slaidi mbili kila mmoja, ni slaidi 768 kwa sampuli ya siku moja. Ukitaka siku tatu, ni 2,304. Mimi binafsi sikubali msomaji wangu asome zaidi ya slaidi 40 kwa siku, kwa kuwa baada ya hapo macho huanza kuona kile yanachotarajia kuona. Hizo 768 peke yake ni siku 20 za msomaji mmoja asiyefanya kazi nyingine, na bado mtu wa pili anatakiwa arudie kusoma angalau asilimia 10 ya slaidi bila kujua majibu ya mwenzake. Mayai ya mansoni yenyewe hayana haraka, yanaonekana hata slaidi ikikaa. Ukitaka kuhesabu na safura kwa pamoja, basi lazima usome ndani ya nusu saa hadi saa moja, kwa sababu mayai yake huyeyuka machoni kwa ile gliserini. Ushauri wangu: safura usiiguse.

Kipo pia kipimo cha haraka cha mkojo kinachotafuta antijeni ya mnyoo, na hunasa maambukizi mepesi ambayo hadubini huyakosa. Hata hivyo hakikupi idadi ya mayai, na ile mistari hafifu isiyoeleweka kama ni ndiyo au hapana itakuletea mjadala mrefu siku ya kutetea tasnifu. Kama lengo ni kujua wangapi wameambukizwa, kinafaa na kinaokoa siku nyingi. Kama lengo ni wingi wa mayai, hakuna njia ya mkato. Chagua moja.

Na jambo la mwisho, ambalo kwangu halina mjadala: utakayemkuta na mayai, lazima apate prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, tena apate kutoka kwako na si ahadi ya kwenda kituoni. Iweke katika bajeti kabla ya nauli.

Kibarua wa Dodoso

Mwuguzi, nilimaliza tasnifu yangu mwaka juzi, nayo ilikuwa ya wavuvi vilevile, ingawa si ya kichocho. Nitakueleza kosa langu ili usilirudie, maana vitabu vya mbinu za utafiti nilivyovisoma havikuniambia.

Nilifika mwaloni mara ya kwanza saa nne asubuhi, na wasaidizi wawili, kishikwambi kimechajiwa, fomu za ridhaa zimechapwa vizuri. Tulifanya kazi siku tatu na tukapata watu haraka mno, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Jioni ya siku ya tatu nilipopitia takwimu nikakuta wengi wa “wavuvi” wangu ni mafundi wa mitumbwi, vibarua wa kubeba ndoo, washona nyavu, na vijana waliokuwa wakisubiri kazi. Wavuvi wenyewe wa dagaa walikuwa wamelala. Wamekesha ziwani na taa zao, wamerudi alfajiri, wamekabidhi mzigo kwa akina mama wanaoanika, wamekula, wamejifunika. Mimi nilikuwa nawahoji waliobaki macho.

Nikabadilisha saa, nikarudi wiki mbili baadaye nikidhani nimepata dawa, nikakuta kambi nusu tupu. Katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, akanicheka kwa upole akaniuliza kama huko chuoni hatuangalii juu. Ilikuwa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa katika kipindi cha giza, kwa kuwa ni giza ndilo linaloipa taa nguvu ya kuwavuta. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mitumbwi hupandishwa na wengi hurudi kwao au huenda kutumia walichokipata. Wavuvi wa sangara kwa nyavu na ndoano wana ratiba tofauti kabisa. Kwa hiyo, ukienda wiki moja tu katika kila mwalo, aina ya watu utakaowapata imeamuliwa na mwezi, na wewe utaandika katika sura ya tatu, ile ya mbinu, kwamba uliwateua kwa nasibu.

Kilichoniokoa ni kuacha kutafuta watu na kuanza kutafuta mitumbwi. Mtu anahama: leo yuko kambi hii, mwezi ujao yuko kisiwa kingine kwa tajiri mwingine, yaani mwenye mitumbwi, na hakuna orodha ya majina itakayokaa sahihi kwa wiki mbili. Mtumbwi una namba, una mwenyewe, na BMU wanaujua. Nilipata orodha ya mitumbwi yote iliyokuwa ikitoka mwalo huo, nikachagua mitumbwi kwa bahati nasibu, kisha nikawaomba wote wanaofanya kazi ndani ya mtumbwi uliochaguliwa. Kwa dagaa nilikuwa nikipata wanne au hivi kwa kila mtumbwi. Mazungumzo tuliyafanya alasiri, wakati wameamka na wanaandaa taa na nyavu kabla ya kutoka jua likizama. Ni saa mbili hivi za nafasi, usizipoteze kwa dodoso la kurasa kumi na mbili. Kikopo cha sampuli unampa jioni hiyo, unakipokea alfajiri anaporudi, na hapo ndipo utajua nani alikubali kwa moyo na nani alikubali kwa adabu.

Kabla ya hayo, mwone tajiri. Siyo kwa sababu ruhusa yake inachukua nafasi ya ridhaa ya kibarua wake; hapana, na fomu yako iseme wazi kwamba kukubali au kukataa hakutafika kwake. Mwone kwa sababu asipojua wewe ni nani atadhani ni mtu wa leseni au wa nyavu haramu, na jioni hiyohiyo mitumbwi yako yote iliyochaguliwa itakuwa “imeharibika.” Kuhusu ridhaa yenyewe, chukua waliotimiza miaka 18 tu. Vijana wadogo wapo mialoni na utawaona, lakini ridhaa ya mzazi aliyeko mkoa mwingine hutaipata.

Jambo jingine dogo lililonitesa ni lugha. Ukimuuliza mtu wa huku kama amewahi kuugua kichocho, atakachosikia ni kukojoa damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, na wengi wanakijua tangu utotoni, hasa waliokulia bara kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Kichocho cha tumbo kinachotokana na maji ya ziwa hakina jina mdomoni mwao. Kwao ni “kuharisha,” ni “tumbo,” na wapo watakaokuambia ni kulogwa. Dodoso lililotafsiriwa neno kwa neno litakuletea majibu kwamba uelewa uko chini, kumbe umepima uelewa wa ugonjwa mwingine. Kama ningekuwa wewe, lengo la tatu ningelifuta leo.

Afisa Takwimu

Ninaheshimu yaliyosemwa, ila naona mnamsukuma dada huyu kwenye maji marefu. Ana miezi mitatu na mshahara wa muuguzi. Vitabu vya MTUHA vipo, vimejazwa kwa miaka mingi, na kibali cha kuvisoma ni chepesi kuliko kibali cha kuchukua choo cha mtu. Nimeona tasnifu nzuri zilizotokana na vitabu hivyo, na nimeona wanafunzi wa “utafiti wa uwandani” wakiongeza mwaka wa tatu na wa nne bila kuhitimu. Shahada ya uzamili ni mafunzo ya kufanya utafiti. Hakuna anayetarajia itibu ziwa zima.

Kibarua wa Dodoso

Ndugu Afisa, kwa magonjwa mengine ningekuunga mkono. Kwa hili, kitabu kinaonyesha aliyefika kituoni, wakati swali lake linahusu asiyefika. Utakuwa na wagonjwa juu ya mstari wa kugawanya na huna idadi ya watu chini yake, kwa sababu hakuna anayejua ni wavuvi wangapi wako katika eneo la kituo kwa mwezi huo. Kisha jiulize utambuzi wenyewe ulifanywaje: kuna vituo ambavyo kichocho cha tumbo huandikwa kwa kuangalia dalili tu, hadubini ikiwa imefunikwa kitambaa kabatini.

Afisa Takwimu

Hoja ya idadi ya watu ninaikubali. Basi nibadilishe ushauri: achana na kitabu cha wagonjwa, chukua leja ya stoo ya dawa. Humo utaona ni miezi mingapi katika mwaka kituo kilikuwa na kopo la prazikwanteli na miezi mingapi hakikuwa nalo, nje ya wiki ya kampeni. Mwuguzi anataka kujua kwa nini wavuvi hawapati dawa. Inawezekana jibu la kwanza halihitaji kumuuliza mvuvi yeyote.

Mstaafu wa Takwimu

Nimesoma mjadala huu kwa furaha, maana nimefundisha hesabu hizi kwa muda mrefu na sasa nimestaafu. Naomba nizungumzie 384, ambayo mwanangu ameiona katika kila tasnifu na akafanya vema kuitilia shaka.

Namba hiyo inatoka katika kanuni inayojulikana: ukidhani nusu ya watu wameambukizwa, ukitaka kuwa na uhakika wa asilimia 95, na ukikubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, unapata watu 384. Hakuna kosa ndani yake. Kosa ni kwamba kanuni hiyo inadhani kila mtu amechaguliwa peke yake kutoka katika kapu moja kubwa, ilhali wewe unachagua mialo kwanza, kisha watu ndani yake. Wavuvi wa mwalo mmoja wanaoga maji yaleyale, wana konokono walewale wa kichocho ufukweni, wana choo kilekile au wote hawana. Ukishampima wa kumi, wa themanini hakuongezei habari nyingi. Kufanana huko kunapimika. Chukua idadi ya watu katika kila kundi, toa moja, zidisha kwa kipimo cha kufanana, kisha jumlisha moja. Jibu linakuambia sampuli yako imepungua nguvu mara ngapi.

Tuseme, kwa mfano tu, kufanana ni 0.05. Wewe una mialo 4 yenye watu 96 kila mmoja. Tisini na tano mara 0.05, jumlisha moja, unapata 5.75. Gawanya 384 kwa 5.75: una nguvu ya watu 67, na kiwango chako cha kukosea si asilimia 5 tena bali ni kama asilimia 12 juu au chini. Ukisema maambukizi ni asilimia 50, huwezi kumkatalia anayesema ni 40. Sasa watu walewale 384, slaidi zilezile zilizomtia hofu Fundi Hadubini, watawanye katika mialo 12 yenye watu 32 kila mmoja. Nguvu inapungua mara 2.55 tu, unabaki na thamani ya watu 151, na kiwango cha kukosea kinashuka hadi takriban asilimia 8. Hujaongeza mtu hata mmoja wala slaidi hata moja. Umeongeza nauli, basi. Na watu 32 kwa mwalo ni mitumbwi minane yenye watu wanne wanne, ikiwa nimemwelewa Kibarua wa Dodoso vizuri. Wenye mtumbwi mmoja nao watafanana, kwa hiyo katika uchambuzi iambie programu ya takwimu kwamba kundi ni mwalo. Programu iitwayo R inafanya hivyo na haiuzwi.

Kwa jambo hili Mwanza haina haja ya kwenda kuazima mfano mbali. Utafiti wa tiba ya magonjwa ya ngono uliofanyika katika mkoa huu mwanzoni mwa miaka ya 1990, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995, ulikuwa na jamii 12 zilizopangwa katika jozi 6, na katika kila jamii walifuatiliwa takriban watu wazima 1,000 kwa miaka miwili. Huduma bora ya magonjwa ya ngono ilitolewa katika upande mmoja wa kila jozi. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 huko na asilimia 1.9 kwa wenzao, yaani pungufu ya takriban asilimia 40. Ninachotaka wanafunzi wakione ni kwamba, ingawa walikuwapo maelfu ya watu, matokeo yalihukumiwa kwa jozi sita, kwa sababu jamii ndiyo iliyopewa huduma na kwa hiyo jamii ndiyo iliyohesabiwa. Mtu aliyezoea 384 akiambiwa hivyo huona ni kama kuibiwa sampuli yake. Siku akikubali, ndipo anaanza kuwa mtafiti.

Kwa hiyo sikubaliani na neno “kubwa” la msimamizi wako, ingawa naelewa alichokiona. Andiko lako ni pana kwa malengo na jembamba kwa mialo. Ligeuze.

Mwuguzi wa Ziwani

Mzee wetu Mstaafu, shikamoo. Na ninyi wengine, wabeja sana. Mmenipa kwa siku mbili kile nilichokitafuta tangu muhula uanze.

Nimekaa na kalamu usiku wa jana. Lengo la uelewa nimelifuta. Wingi wa mayai nimeubakiza, kwa kuwa yule mvuvi aliyetapika damu hakufikia pale kwa maambukizi mepesi, na kujua ni wangapi wako juu ya mayai 400 ndilo jambo litakalomfanya Mganga Mkuu wa Wilaya anisikilize. Lakini sampuli zitakuwa za siku moja, na udhaifu huo nitauandika wazi. Sababu za kukosa dawa nimezipunguza hadi maswali sita, na leja ya stoo nimeichukua kutoka kwa ndugu Afisa Takwimu, kwa vituo vitatu. Ukerewe nimeiacha, na hilo limeniuma, maana huko ndiko nilikozaliwa. Kumi na miwili ya mialo nitaitafuta Ilemela na Magu, inayofikika kwa pikipiki, na walengwa ni wavuvi wa dagaa tu. Nimeshahesabu: ndani ya miezi yangu mitatu kuna vipindi vitatu vya giza, ambavyo ni mialo minne kwa kila kimoja, na katika mbalamwezi nitasoma slaidi.

Swali lililobaki: nilishawasilisha andiko la awali kwenye kamati ya maadili. Je, nisubiri majibu yao au niliondoe?

Mstaafu wa Takwimu

Marahaba, mwanangu. Kwa hilo la kamati, mwachie aliyelipitia karibuni.

Kibarua wa Dodoso

Liondoe leo kwa barua iliyopitia kwa msimamizi, uwasilishe jipya. Kamati ikiidhinisha lile la zamani utakuwa na kibali cha mialo minne, kikiwataja wavuvi wa Ukerewe, na kila kitu ulichobadilisha kitahitaji ombi la marekebisho ambalo nalo hukaa foleni. Kabla ya kuwasilisha, lijaribu dodoso katika mwalo ambao haumo kati ya kumi na miwili yako, uombe kwanza ruhusa ya idara kwa jaribio hilo, kwa sababu maneno utakayoyabadilisha baada ya kibali yanahesabika kama marekebisho. Mimi nilibadilisha swali moja tu, nikasubiri wiki tano.

Kibali kikitoka, mlolongo ni barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha kata, kijiji au mtaa, na mwisho BMU. Kwa kuwa una halmashauri mbili, anzisha zote siku moja, na usipange kipindi cha kwanza cha giza hadi barua za Magu ziwe mkononi. Toa nakala kumi na mbili za kila barua, zenye muhuri unaosomeka. Mtendaji wa kata hatazisoma kwenye simu yako, na akishaibakiza nakala ofisini kwake hutaipata tena.